Huduma ya moyo Kanda ya Ziwa: majengo pekee hayatoshi

Kwa wakazi wa Mwanza na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo tegemeo kubwa la matibabu ya rufaa. Hata hivyo, kituo kikuu cha taifa cha upasuaji wa moyo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza.

Kila inapozungumzwa haja ya kusogeza huduma hiyo karibu na wananchi, hoja huelekezwa kwenye majengo na mashine. Jambo linaloamua uhai wa mgonjwa mezani hutajwa kwa nadra: namna ya kuulinda moyo uliosimamishwa.

Ili kuunga mishipa mipya ya damu, mpasuaji huhitaji moyo uliotulia. Mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu, kisha mshipa mkuu hubanwa. Kuanzia hapo misuli ya moyo haipati damu. Bila kinga, huanza kudhurika baada ya dakika 20 hivi, ilhali kazi yenyewe yaweza kuchukua saa nzima au zaidi.

Kinga hiyo ni kadioplejia, maji maalumu yenye potasiamu, ambayo aghalabu hupoozwa hadi nyuzi 4 za Sentigredi. Potasiamu husimamisha mapigo. Baridi hupunguza mahitaji ya oksijeni. Maji hayo hutumika pia katika kurekebisha valvu zilizoharibiwa na homa itokanayo na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, maradhi yanayowaandama vijana wengi wa Afrika Mashariki.

Kipimo ndicho kila kitu. Mwaka 1955 Denis Melrose na wenzake jijini London walitumia potasiamu kali mno, na njia hiyo ikaachwa ilipobainika kuwa inaharibu misuli. Katika miaka ya 1970, Hospitali ya St Thomas' ya jijini humo ilianza kutumia mchanganyiko wenye potasiamu kidogo zaidi.

Aina nyingi hurudiwa kila baada ya dakika 20 hivi. Ile ya del Nido, iliyobuniwa Pittsburgh, Marekani, yaweza kutosha kwa takriban dakika 90 kwa dozi moja.

Kwa hiyo, mpango wowote wa Kanda ya Ziwa hauna budi kuhesabu pia mfamasia wa kuchanganya maji hayo, mtaalamu wa kuendesha mashine, barafu, umeme wa uhakika na akiba ya dawa isiyokatika. Vikikosekana, mgonjwa ataendelea kusafiri hadi Dar es Salaam hata kama jengo limekamilika.