Saa za ndege si saa za mgonjwa

Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Liuli alikuja kliniki Mbinga na mwanawe wa miaka minne, mwenye rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Akaniuliza, "Daktari, eti kwa ndege ni saa moja na nusu tu?" Nikasema ndiyo. Alipoondoka nikajilaumu: nilijibu habari za ndege, si za safari yake.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam kwa njia ya anga ni takriban kilomita 580. Kwa barabara, kupitia Njombe na Iringa, ni zaidi ya 900. Nafuu ni kubwa, sikatai. Lakini ndege hairuki kutoka Liuli. Mama huyu atatafuta gari hadi Mbamba Bay, apande milima ya Umatengo kilomita 67 hadi Mbinga, kisha nyingine kama 100 hadi Songea. Lami imetuokoa (waliokwama kwenye tope la masika wanajua), ila ukijumlisha kusubiri gari, kulala Songea na foleni za Dar, siku mbili zimekwisha.

Nasi madaktari tuna lawama. Tunaandika "arudi baada ya wiki mbili" bila kuuliza anarudi kutoka wapi. Mzazi, usione haya. Taja kijiji chako, omba vipimo vipangwe siku zinazofuatana, na uliza kama marudio mengine yanaweza kufanyika Songea au Peramiho.

Jambo jingine ni hewa. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hufanana na ya mlimani, hadi mita 2,400 hivi. Mtoto mzima hatasikia kitu. Lakini mtoto ambaye midomo yake hugeuka bluu, mgonjwa aliyepungukiwa sana damu, au aliyetoka kupasuliwa karibuni, daktari aamue kwanza kama anaweza kuruka na kama atahitaji oksijeni. Shirika la ndege lielezwe wakati wa kukata tiketi, si asubuhi ya safari.

Na kwa dharura ya uzazi, tafadhali tusahau ndege. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Wa Lituhi ataokolewa na gari lililo tayari na hospitali ya karibu yenye damu na chumba cha upasuaji. Namba ni 115, haina malipo. Kama uliwahi kujifungua kwa upasuaji au una mapacha, usingoje uchungu ukiwa kijijini. Hamia kwa ndugu karibu na hospitali wiki mbili tatu kabla.

Yule mama wa Liuli nilimpigia simu. Midomo ya mwanawe hugeuka bluu akicheza, kwa hiyo nimemwandikia barua ya oksijeni. Ataondoka siku mbili kabla, alale kwa shangazi yake Songea.