Jasho la Fundi Limo Ukutani

Fundi saa akitengeneza saa ya mtu asilipwe, huikalia saa hiyo. Fundi cherehani naye huikunja suruali akaihifadhi mpaka fedha ije. Sheria yetu ya mikataba inawaunga mkono: aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe akaitilia kazi, anayo haki ya kuizuia mpaka apate ujira wake. Lakini fundi mwashi aliyesimamisha nyumba nzima, akaiezeka na kuipiga lipu, hana cha kuzuia. Tofali lililokwisha kujengwa ni sehemu ya ardhi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba akifunga mlango, fundi hubaki nje na deni lake mkononi.

Hiyo ni dhuluma, nayo haistahili jina jingine.

La kushangaza ni kwamba Marekani, nchi inayosifika kwa kumtukuza mwenye mali, ililitambua jambo hili zamani. Mwaka 1791, mji wa Washington ulipokuwa ukianza kujengwa, Bunge la Maryland lilitunga sheria iliyompa fundi haki juu ya jengo alilolijenga hadi alipwe. Thomas Jefferson alikuwa miongoni mwa walioitaka. Tusidanganyike kwamba ilitungwa kwa huruma. Wakubwa wale walitaka mji ujengwe upesi, na walijua kwamba fundi mwenye akili hatoi mbao na nguvu zake kwa mkopo usio na dhamana. Leo kila jimbo la nchi hiyo lina sheria ya namna hiyo. California iliitia haki hiyo katika katiba yake ya mwaka 1879.

Utaratibu wenyewe si wa fujo. Katika California, fundi mdogo au muuza vifaa ambaye hakuagizwa na mwenye nyumba mwenyewe hutakiwa kumpelekea taarifa ya maandishi katika siku 20 tangu aanze kazi au kuleta vifaa. Kibarua wa mshahara hadaiwi taarifa hiyo. Kazi ikiisha bila malipo, mdai huandikisha dai lake katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya wilaya, kwa kawaida katika siku 90 tangu ujenzi ukamilike. Mwenye nyumba akiandikisha hati ya kukamilika kwa kazi, muda huo hupungua. Tangu hapo dai limeifunga nyumba, na benki au mnunuzi huliona. Fundi hutakiwa kufungua kesi katika siku 90 baada ya kuandikisha, la sivyo dai lake linakufa. Akishinda, mahakama yaweza kuamuru nyumba iuzwe ili alipwe.

Wako watakaosema kwamba sheria hiyo itamwonea mwenye nyumba: amekwisha kumlipa mkandarasi, mkandarasi amekula fedha, kisha muuza saruji anaidai nyumba. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake limo katika ile taarifa ya mwanzo. Mwenye nyumba anayejua nani anafanya kazi kwake hatoi fedha kabla ya kuonyeshwa hati za watu hao kwamba wamelipwa. Mzigo wa kuwa mwangalifu ni halali kumtwika mwenye fedha kuliko kumtwika mwenye koleo.

Wengine watauliza: je, shule nayo ipigwe mnada? La. Hata huko Marekani jengo la umma halifungwi kwa dai la fundi. Badala yake, sheria ya mwaka 1935 iitwayo Miller humlazimisha mkandarasi wa kazi kubwa za serikali kuu kuweka dhamana ya malipo, na fundi mdogo asiyelipwa hudai katika dhamana hiyo. Na serikali yenyewe ikichelewa kulipa, sheria ya mwaka 1982 inaitoza riba.

Ndugu watumishi wa umma na walimu, jambo hili linatuhusu sisi kwanza. Ni sisi tunaojenga nyumba zetu kidogo kidogo kwa mikono ya mafundi. Ni mwalimu mkuu anayesimamia mafundi wa mtaani katika ujenzi wa madarasa. Ni karani na mhasibu wanaoyashika mafaili ya malipo. Kila "njoo kesho" inayotamkwa mezani ni chakula kinachokosekana jikoni kwa fundi.

Hatuna budi kuwa na sheria yetu: dai la fundi liandikishwe juu ya jengo la mtu binafsi kwa muda uliowekwa, na kazi za umma ziwe na dhamana ya malipo na riba kwa mchelewaji. Lakini tusingoje sheria ndipo tuwe waungwana. Mapatano yaandikwe, kazi ipimwe kila hatua, na malipo yatolewe kwa tarehe. Dawa ya deni ni kulipa; na anayelala ndani ya nyumba ambayo fundi wake hajalipwa, amejifunika jasho la mtu.