MAONI YETU: MKOJO WA DAMU



Liko jambo ambalo wanaume hawalisemi kazini, wala baa, wala hata kwa mke nyumbani. Mtu aingia chooni, aona mkojo wake mwekundu, wala hasikii maumivu yo yote. Kesho yake mkojo ni safi. Afurahi na kwenda kazini. Sisi twaiogopa furaha hiyo kuliko ile damu.

Tuseme ndugu huyo akaa Maringo au Jericho, na kila asubuhi huvuka Jogoo Road na kuishika Likoni Road kwa miguu kwenda Industrial Area. Wazo lake la kwanza ni kisonono, kwa hiyo aona haya, anunua vidonge dukani. Damu yakoma, naye aamini vidonge vimemponya. Lakini damu ya uvimbe wa kibofu hukoma yenyewe bila dawa, na yaweza kukaa miezi kabla ya kurudi. Muda huo wote uvimbe wakua. Saratani ya kibofu ikikutwa ingali juu juu, daktari aweza kuikwangua kwa chombo kipitacho njia ya mkojo. Ikiisha kuzama katika msuli, mara nyingi hulazimu kukitoa kibofu chenyewe.

Wengi wenye damu katika mkojo hawana saratani. Huenda ni mawe, au maambukizo, au kwa mzee ni tezi dume. Dawa ya kifua kikuu nayo hugeuza mkojo uwe rangi ya machungwa, na hiyo si damu kabisa. Lakini wa kusema ni lipi kati ya hayo ni daktari aliyepima mkojo na kutazama ndani ya kibofu, si jirani wa plotini. Na akina mama wasidhani kila damu ni ya hedhi.

Ndugu waliolelewa Kwale au kando ya mto Tana wanajua kichocho. Minyoo yake hutaga mayai katika kibofu, na asiyetibiwa, baada ya miaka mingi, aweza kupata saratani papo hapo. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya la Dunia walilithibitisha jambo hili mwaka 1994. Kichocho cha Mwea na cha kando ya ziwa Nyanza ni cha namna nyingine, cha matumbo. Kwa hiyo mtu wa huko asijiambie, "Ni kichocho tu."

Sasa kazi. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, alieleza kwamba kati ya wafanyakazi 45 waliotengeneza rangi nyekundu ya kutia nguo, watatu walikuwa na uvimbe wa kibofu. Mwaka 1921 Ofisi ya Kazi ya Kimataifa, Geneva, ilitoa ripoti juu ya ugonjwa huo. Baadaye viwanda vya mpira navyo vikaonekana na shida hiyo hiyo. Dawa mbaya kuliko zote zimekatazwa katika nchi nyingi, lakini ugonjwa huu hauna haraka: mtu huvuta mvuke na kushika unga leo, naye hukojoa damu baada ya miaka 20 au 30, amekwisha staafu, yuko shambani kwao. Nani atakumbuka alichanganya rangi? (Sigara nayo tusiisahau. Mvutaji ana hatari karibu mara tatu ya asiyevuta, na hapo hatuwezi kumlaumu tajiri.)

Ndiyo sababu tunashikilia karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri ampe kila anayeondoka cheti cha kazi, ikiwa alifanya kazi majuma manne au zaidi, na cheti kitaje aina ya kazi. Tumechoka kuona "kibarua" peke yake. Kama mtu alikuwa akichanganya rangi, iandikwe rangi; kama alikuwa kwenye mpira, uandikwe mpira. Akiugua, daktari atajua pa kutafuta, naye akidai fidia atakuwa na cha kuonyesha. Kanuni za Uchunguzi wa Afya za 2005 nazo zataka walio katika kazi fulani za hatari wapimwe na daktari kwa gharama ya mwajiri, hata wanapoondoka. Na penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria yataka kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanyakazi.

Aliyeona damu hata mara moja aende kituo cha afya juma hili, aombe mkojo upimwe, na amweleze daktari kazi zote alizopata kufanya, hata zile za zamani. Wajumbe wa kila idara waulize ni nani aliyepata kupimwa na daktari wa kazi, na majina ya dawa zilizoandikwa juu ya mapipa yanakiliwe. Orodha hizo ziletwe ofisini kabla ya mkutano wa tawi.