Mwenyeji Naye ni Msanifu

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi ambazo vyuo vikuu vya siku hizi huzigawa baina ya idara mbalimbali. Kusanifu ni kutunga kitabu. Kusanifu ni kuichora nyumba kabla msingi haujachimbwa. Na lugha iliyowekewa kanuni huitwa lugha sanifu. Lugha yenyewe, basi, haikumtenga mwenye kalamu na mwenye patasi, wala haikumtaka yeyote kati yao aonyeshe cheti kwanza. Lakini taaluma iitwayo utafiti wa usanifu, ile inayochunguza namna katuni zinavyochorwa zikaonekana kutembea, namna mavazi yanavyobuniwa na namna michezo ya kompyuta inavyoweza kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu, imeingia Afrika Mashariki na mgawanyo wake: upande mmoja wasanifu, upande wa pili watumiaji. Pa kuupimia mgawanyo huo ni mkoa wa Tanga, ambamo imo milima ya Usambara na mji wake wa Lushoto. Huko umejaribiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa jembe, mara ya pili kwa kioo.

Jaribio la kioo ndilo la karibu. Mwaka 2014 taasisi ya Kimarekani ya XPRIZE ilitangaza shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15 zilizotolewa na tajiri Elon Musk. Washindani walitakiwa watunge programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Timu zilizojiandikisha zilikaribia 200. Mwaka 2017 zikabaki tano, nazo zilitoka New York, Pittsburgh, Bangalore, Berkeley pamoja na Seoul, na London pamoja na Kenya. Hakuna hata moja iliyokuwa na makao yake Tanzania. Kisha, kwa ushirikiano wa UNESCO, Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania, vishikwambi vilivyotolewa na Google vikapelekwa kwa watoto karibu 2,700 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, na mitambo ya umeme wa jua ikafungwa ili vichajiwe. Jaribio lilidumu miezi 15. Mwezi wa Mei 2019 zawadi kuu ikagawanywa sawa baina ya onebillion na Kitkit School.

Uadilifu unataka matokeo yasemwe kwanza. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao waliripotiwa kuwa hawajapata kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Hilo si jambo dogo. Mtoto aliyefunguliwa mlango wa herufi hana haja ya kuuliza fundi wa mlango alitoka wapi, na mzazi wake ana haki ya kushukuru. Aidha, programu za washindani ziliachwa wazi ili yeyote azichukue na kuzibadili. Wanaoukejeli mradi mzima kuwa ni mchezo wa matajiri wanajipunguzia hoja wenyewe, maana wanalipinga jema pamoja na baya, na mwishowe hawasikilizwi kwa lolote.

Baya limo ndani ya swali, si ndani ya jibu. Swali lilikuwa hili: mtoto atajifunzaje pasipo mwalimu wala mtu mzima wa kumsaidia? Ukiuliza hivyo, kijiji kizima kimekwisha kufutwa kabla mstari wa kwanza haujachorwa. Bibi amefutwa, shangazi amefutwa, kaka aliyefika darasa la saba amefutwa. Amebaki mtoto na kioo chake. Takwimu nyingine ya mradi huo inaidhihirisha kasoro hii: asilimia 80 ya watoto waliripotiwa kuwa hawajapata kusomewa nyumbani. Ni ukweli wa kusikitisha, lakini ni hesabu ya kisichokuwapo. Kipimo kilichoundwa ili kihesabu upungufu hakiwezi kuona kilichopo, na msanifu asiyejua kilichopo hujenga juu ya kiwanja anachodhani ni kitupu.

Kiwanja si kitupu. Ipo kanga. Huuzwa kwa doti, na kila kanga ina pindo lake, mji wake na maneno yake. Mama wa Soni au wa Mtae haifahamu kanga kidogo kuliko mama wa Ng'ambo ya Unguja. Humbebea mtoto, huivaa sokoni, huivaa msibani na harusini. Maneno yake yaliwahi kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakahamia katika herufi za Kilatini, tena kubwa, zilizopangwa mstari mmoja penye macho ya watu. Mwaka 1997 Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha uchunguzi wake juu ya majina ya kanga na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili. Mtu akiusoma uchunguzi wa namna hiyo haoni tena watumiaji wa nguo. Mwanamke anayeamua avae kanga ipi, siku ipi, mbele ya nani, anatunga. Na anayepita njiani akaisoma na kuelewa, au akajifanya hakuelewa, anashiriki katika utungo huo.

Sasa nguo hiyohiyo na itazamwe kwa jicho la mwalimu wa kusoma. Sentensi ni moja na ni fupi. Herufi ni kubwa. Maneno ni yale ambayo mtoto huenda ameyasikia mara mia, kwa kuwa mama na shangazi wamechekeshana na kugombana kwayo. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anajua kwamba mtoto husoma kwa wepesi zaidi kile ambacho sikio limekwisha kukizoea. Nyumba iliyoandikwa katika fomu ya mtafiti kuwa mtoto wake hasomewi chochote huenda ina doti tatu zimeanikwa kwenye kamba ya nguo nyuma ya jiko. Mtafiti wa mavazi aliyekwisha kuisoma kanga na mtafiti wa michezo ya kuelimisha wangekaa meza moja, kitabu cha kwanza cha kusomea kingekuwa kimekwisha kuchapwa, na wachapaji wake wangekuwa viwanda vya nguo.

Upo mchezo pia. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64, na mwenye kulicheza hana budi kujumlisha, kutoa, kugawa na kuona mbele, kwanza katika kunamua na kisha katika mtaji. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Leiden, Alex de Voogt alikamilisha tasnifu kuhusu umahiri wa bao, na mafundi aliowachunguza ni wa Zanzibar. Mafundi hao hawakupewa bao na Leiden; Leiden ilikuja kwao kuuliza akili ya mwanadamu inaweza kufika wapi. Vipo vitendawili, ambavyo ni mchezo wenye kanuni, zamu, adhabu na tuzo: aliyeshindwa hutoa mji, na aliyepewa mji hujigamba nao kabla ya kufumbua. Ufundi wa kumfanya mtoto atamani swali linalofuata, ambao watunzi wa michezo ya vishikwambi huusaka kwa gharama kubwa, ulikuwapo jikoni kila usiku.

Kwa wachoraji wa katuni ipo hazina nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika, kwa Kiswahili, Habari za Wakilindi, na humo mna Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akapanda Usambara, akawapa watu nyama, akaua simba, akafanywa mtawala huko Vuga. Mlima, mbwa wa kuwindia, simba wa usiku, mgeni anayegeuka mfalme: mchoraji anataka nini zaidi? Tena kisa hicho kinasimuliwa kwa Kishambaa na kusomwa kwa Kiswahili, na kwa hiyo kinamvusha mtoto wa Lushoto kutoka lugha ya nyumbani hadi lugha ya darasani bila kumwaibisha kwa yoyote kati ya hizo mbili.

Atakayeyaona haya kuwa ni mapenzi ya mambo ya kale tu hana budi kulikumbuka lile jaribio la kwanza, la jembe. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikaueneza Usambara. Huo nao ulikuwa usanifu, na nyuma yake palikuwa na utafiti. Wataalamu walipima miteremko, wakachora, wakaamuru: wenye mashamba walime matuta kwa mujibu wa mchoro, na asiyelima atozwe faini. Hatari waliyoiona haikuwa ya kubuni, kwa kuwa udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Lakini hawakuuliza nani atayalima matuta hayo, wakati mzigo mkubwa wa jembe uliwaangukia wanawake. Wala hawakuuliza wenyeji wamekuwa wakiitunzaje ardhi hiyo kabla ya kufika kwao.

Jibu lilikuwapo. Steven Feierman, ambaye mwaka 1990 aliitoa historia hiyo katika kitabu chake Peasant Intellectuals, aliwaita wakulima hao wasomi tangu kwenye jalada. Walikuwa na msamiati wao wa kuijadili nchi: kuzifya shi ni kuiponya, kubana shi ni kuiharibu, na kila hatua ya mtawala ilipimwa kwa mizani hiyo. Zamani walikuwa wamepanga vijiji vingi ukingoni mwa mlima, baina ya shambaai yenye migomba na nyika yenye joto, ili mazao yakikauka upande mmoja upande wa pili uwaokoe. Kuamua nyumba ikae wapi ili familia isife njaa ni usanifu, hata kama hakuna karatasi iliyochorwa. Matuta yalikataliwa, upinzani ukakutana na harakati za TANU, na mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Majaribio haya mawili hayalingani kwa ukali. Hakuna mtoto aliyetozwa faini kwa kukataa kishikwambi, na herufi si matuta. Yanalingana kwa mpangilio: tatizo la kweli, mtaalamu wa mbali, mchoro uliokamilika kabla ya kufika, na mwenyeji anayengojwa ama atii ama apimwe. Mlalo ilionyesha kwamba mpangilio huo huharibu hata kazi yenye sababu njema. Matuta yaliachwa pamoja na elimu iliyokuwamo, kwa kuwa hapakuwa na mwenyeji aliyeiona kuwa mali yake. Programu iliyoachwa wazi kwa ulimwengu mzima inaweza kufa vivyo hivyo, isipobishiwa na yeyote na isipotumiwa na yeyote.

Wapo watakaosema kwamba alfabeti ni moja duniani, na hesabu haina kabila. Ni kweli, mbili na mbili ni nne Seoul na Bumbuli. Lakini hakuna anayejifunza mbili tupu. Mtoto huhesabu kitu, husoma neno, huchekeshwa na jambo. Na kila kitu, neno na jambo lazima litoke mahali fulani. Wengine watasema kwamba nchi haina wataalamu na watoto hawawezi kungoja. Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 2014, wakati Ubongo Kids, katuni ya kufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, ilipoanza kuonyeshwa ikiwa imetengenezwa Dar es Salaam. Katuni ya pili ya watengenezaji hao, Akili and Me, ilipimwa kwa watoto wa Morogoro, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba walioitazama walijifunza zaidi. Hata hapo pana la kuuliza, kwa sababu upimaji huo uliongozwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland. Katuni ya Dar es Salaam, watoto wa Morogoro, mizani ya Maryland.

Lawama ya mwisho, kwa hiyo, haiwaendei wageni. Mgeni hufanya alichokuja kufanya. Inavihusu vyuo vikuu vya Tanzania na Zanzibar, ambavyo vina wataalamu wa lugha, wa sanaa, wa elimu na wa kompyuta wanaopitana ukumbini bila kuulizana swali. Programu zilizoshinda Tanga ziko wazi. Iko wapi tasnifu iliyozichukua, ikaingiza kete za bao badala ya michoro ya kuazima, ikaweka maneno ya kanga penye somo la herufi, ikamrudisha bibi na kitendawili chake, kisha ikazirejesha Lushoto na kuwauliza wazazi kama zimefaa? Iko wapi ripoti iliyosomwa kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, mbele ya watoto waliohesabiwa ndani yake? Kazi hizo hazingojei dola milioni 15. Zinangoja mtu aamini kwamba zina hadhi ya kuitwa utafiti.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haikusema mwenyeji anyamaze. Anayeponywa huulizwa anaumwa wapi, husema dawa ipi imekwisha kumfaa na ipi ilimdhuru, na akishapona hujua kumtibu jirani. Utafiti wa usanifu utakaopanda Usambara mara ya tatu, uwe wa katuni, wa mavazi au wa michezo, uhukumiwe kwa jambo moja kabla ya asilimia zake zote: katika orodha ya wasanifu wake, jina la mtu wa Lushoto limo au halimo.