Filamu ya Akuol ifike Koboko

Akuol de Mabior ni mtu wa Sudan Kusini aliyezaliwa Kuba na kukulia Kenya. Filamu yake ndefu ya kwanza, No Simple Way Home, ilionyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2022. Baba yake ni John Garang, kiongozi wa harakati za ukombozi za kusini mwa Sudan, aliyefariki Julai 2005 helikopta ilipoanguka akirejea kutoka Uganda. Mama yake, Rebecca Nyandeng, aliapishwa kuwa makamu wa rais Februari 2020, na binti akamfuata Juba na kamera. Anasimulia kwa sauti yake mwenyewe, akijiuliza: aliyelelewa ugenini, akirudi kwao, anarudi wapi?

Abuku swali hilo si geni.

Gombolola hiyo iko wilaya ya Koboko, Uganda, inayopakana na Sudan Kusini na Kongo, na Wakakwa wa hapo wana ndugu katika nchi hizo mbili. Kuanzia mwaka 1980, vita vilipopamba moto katika eneo hilo la Nile Magharibi, watu walikimbilia Sudan na Zaire (Kongo ya leo). Juni 1981 raia waliojificha katika misheni ya Ombaci, Arua, waliuawa na wanajeshi. Waliorudi miaka ya baadaye walirudi na watoto waliozaliwa ng'ambo. Kisha mambo yakageuka: kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016, na katika miezi michache ikapokea zaidi ya watu 250,000 kutoka Sudan Kusini. Kambi ya Lobule, hapo hapo Koboko, inahifadhi Wakongo. Mwenyeji wa leo ndiye mkimbizi wa jana.

Kamera za mashirika ya misaada huja, hupiga picha za foleni ya maji na maturubai, kisha huondoka. Akuol anapiga picha mezani kwa mama yake. Ni kweli, si kila mtoto wa mkimbizi ana mama wa Ikulu, na huo ndio upungufu wa filamu hiyo. Maisha ya wasio na jina yanasubiri kurekodiwa na watoto wao wenyewe.

Njia za kuifikisha filamu Koboko zipo. Vibanda vya video vimezoea VJ anayetafsiri filamu papo hapo; hii nayo itafsiriwe kwa Kikakwa na Kilugbara. Uganda ina utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi kwa jamii zinazowapokea. Madiwani wa Koboko wadai sehemu yake inunue kamera na kulipa mwalimu, ili wazee waliokimbia mwaka 1980 wahojiwe wakiwa bado hai.