Volti ndizo za kuogopa kwenye kapasita

Tukisema kapasita "inajaa umeme", naomba niongeze kidogo. Chaji inayoingia bamba moja ni sawa na inayotoka bamba la pili, kwa hiyo jumla yake ni sifuri. Kinachohifadhiwa ni nishati iliyotumika kuzitenganisha chaji hizo, nayo hukaa kwenye uga wa umeme ndani ya kihami kilicho katikati ya mabamba.

Mafundi wenzangu, tazameni volti kwanza. Volti zikiongezeka mara mbili, chaji nayo huongezeka mara mbili, lakini nishati huongezeka mara nne. Kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye volti 12 ina jouli 0.007 tu. Kapasita hiyo hiyo kwenye pawasapulai ya TV, ambako umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC hufika karibu volti 325, ina jouli 5 na ushee. Kuchomoa plagi hakutoshi, maana nishati hiyo inaweza kubaki ndani ya kapasita. Pima kwa mita, toa chaji kupitia rezista ya omu 2,000 hivi kwa sekunde chache, kisha pima tena. Kupiga shoti kwa bisibisi kunarusha cheche na kunaweza kuharibu kapasita yenyewe.