Kikombe cha Rose

Tamthilia nyingi za vichekesho zikifika msimu wa tano huanza kurudia utani uleule, na mtazamaji hubaki kwa mazoea tu. The Golden Girls ya Marekani, iliyorushwa na NBC kuanzia 1985 hadi 1992, haikuwa hivyo. Msimu wake wa tano ndio uliothubutu kuleta Ukimwi sebuleni.

Kwa asiyeifahamu, ni wanawake wanne wanaoishi nyumba moja mjini Miami. Dorothy (Bea Arthur) ni mwalimu mwenye ulimi mkali. Rose (Betty White) ni mjane mpole, hana hila. Blanche (Rue McClanahan) naye ni mjane, na hafichi kwamba anapenda wanaume. Halafu yupo Sophia (Estelle Getty), mama mzazi wa Dorothy, bibi anayesema lolote linalomjia. Ajabu ni kwamba Getty alikuwa mdogo kuliko "binti" yake huyo kwa zaidi ya mwaka. Vipodozi na wigi tu ndivyo vilivyomzeesha.

Sehemu ninayoizungumzia ilionyeshwa Februari 17, 1990, na inaitwa 72 Hours. Rose anapata barua ya hospitali: damu aliyoongezewa alipofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo huenda ilikuwa na virusi. Anapimwa, kisha anatakiwa kusubiri majibu siku tatu.

Ndani ya siku hizo tatu Sophia anaandika herufi R kwenye vikombe vya Rose na kukwepa choo anachotumia. Hapo ndipo waandishi walipopatia. Tamthilia nyingine ingempa jirani mbaya kazi hiyo ili sisi tumchukie na kulala salama. Hapa amepewa bibi tunayempenda kuliko wote, tena anajua fika kwamba virusi havipiti kwenye kikombe. Anajua, ila anaogopa. Katika kazi hii ya kuandika habari za afya nimeshakutana na vikombe vya namna hiyo katika nyumba za watu wanaopendana kweli, na mara zote vimetengwa kimyakimya.

Rose naye si malaika. Hofu ikimzidi anamgeukia Blanche: wewe uliyelala na wanaume wengi upo salama, mimi niliyefanyiwa upasuaji ndiyo yanikute haya? Blanche, ambaye alishapima, anamjibu bila utani kwamba ugonjwa huu si adhabu ya Mungu kwa wenye dhambi.

Majibu yanatoka, Rose hana virusi. Naona hapo walijirahisishia kazi, kwa sababu mtazamaji aliyekuwa na virusi mwaka ule hakuachiwa mtu wa kufanana naye.

Leo Rose asingesubiri saa 72. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa, ingawa mhudumu atamuuliza ni lini alikuwa hatarini, maana maambukizi mapya yanaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuonekana kwenye vipimo vingine. Kazi ni kumfikisha hapo. Mama wa miaka 60 ukimtajia kupima atakuuliza, "Mimi mjane nipime nini?" Rose alikuwa mjane. Mwekee sehemu hii mama yako, haifiki nusu saa, na ukae naye mpaka mwisho.